Kuku Watatu wa Inamahoro

Pombe ya mtama haijui matanga. Ikiiva, imeiva. Siku ya nane baada ya kumzika mjukuu wake Spès, Inamahoro alifunua mtungi, akasikia povu likinong'ona ndani kama watu wanaosengenya, akajua kwamba ifikapo adhuhuri wanywaji wa Mutarule wangekuwa wameuzunguka, kila mmoja na mrija wake mdomoni. Alifagia uwanja, akapanga vigoda vinane.

Adhuhuri ikafika, ikapita. Wanywaji walipita pia, njiani, wakielekea kwa mpika pombe mwingine upande wa pili wa kijiji, ambaye pombe yake wao wenyewe waliiita maji ya kuoshea miguu. Walimsalimu Inamahoro kwa mbali, kwa adabu nyingi mno. Aliyesimama ni kapita Hatungimana, msimamizi wa kijiji, peke yake, na alisimama kwa kuwa kazi yake ilimlazimu.

"Mama Pontien, pombe yako inanukia muzuri," alisema.

"Karibu ukunywe."

"Tumbo iko inaniuma."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipokaribia hapa."

Inamahoro alichukua mrija, akauzamisha, akavuta funda refu mbele yake, kama desturi inavyotaka: anayekaribisha hunywa wa kwanza, ili mgeni aone kwamba hakuna kitu ndani. Akafuta mdomo. "Umeona?"

"Nimeona. Lakini bantu banasema mulozi anakuwa na dawa ya sumu yake."

"Na kama nisingekunywa?"

"Bangesema umeogopa sumu yako."

"Basi nikinywa minye ni mulozi, na nisipokunywa minye ni mulozi."

Hatungimana alikuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeulizwa jambo ambalo hakupewa jibu lake. "Mama, mambo ya bulozi ni magumu," alisema. Kisha akatoa alichotumwa kukisema: baraza lilikuwa limeketi. Mpaka Jumapili ya tatu kuanzia siku ile, Inamahoro awe amefunga mizigo na kwenda kwa kaka yake, kijiji cha Bwegera. Si kufukuzwa, alieleza. Kuomba tu aende, na asirudi.

Akaondoka haraka, akigeuka mara mbili kuutazama mtungi.

*

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Katikati ya kiangazi, katika juma moja, watoto watatu wa nyumba tatu walikula bugali wa mihogo, wakashikwa kizunguzungu, wakatapika, miguu ikalegea. Wawili walipona. Spès, mwenye miaka minne, hakuona jua la siku ya pili. Bugali wake ulikuwa umesongwa na bibi yake Inamahoro, na tonge la mwisho alilishwa kwa mkono wa bibi huyo, akiambiwa, "Kula, mama, umalize," kwa sababu alikuwa anakataa.

Watu walihitaji maelezo, na maelezo hayakukawia. La kwanza lilitoka kwa Libérate, mama wa mtoto, palepale kwenye mkeka, kabla maiti haijaoshwa. Alimnyoshea kidole mama mkwe wake na kusema, "Ni ile mukono." Hakuongeza kitu. Kijiji kilimsaidia kuongeza.

La pili lilikuja kwa lori kutoka Uvira.

Lilikuwa la Mzungu mmoja mwembamba, mwenye chupa nyingi na kioo cha kukuzia vijidudu. Watu walimwita Bwana Chemsha, kwa kuwa hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila ugonjwa, na wengine waliapa kwamba hata salamu aliijibu hivyo. Miezi miwili kabla ya msiba, ndiye aliyeamuru yale mabwawa madogo ya kando ya kijito yafukiwe. Wanawake wa bonde walikuwa wakilowesha humo mihogo michungu siku nne nne, ili uchungu utoke, tangu wazazi wa wazazi wao, lakini Bwana alisema yananuka na yanazaa mbu. Atakayeonekana akilowesha mihogo atalipa faini. Mabwawa yakafukiwa. Mbu hawakusoma tangazo.

Sasa Bwana alikusanya watu chini ya paa la shule ya katekisimu, akasema kwa Kifaransa, na msaidizi wake Sévère, kijana wa hapohapo mwenye baiskeli na kofia, akatafsiri.

"Bwana anasema ugonjwa iko mu maji. Wadudu wadogo. Amewaona mu kioo."

Inamahoro alikuwa amekaa nyuma kabisa, mkeka mzima ukiwa wake, kwa sababu hakuna aliyetaka kuugusa. Aliinua mkono. "Sévère, mwanangu, umuulize. Ile nyumba ya pili yenye mutoto aligonjwa, bao banachemsha maji tangu mwaka jana. Kwa nini mutoto wao alianguka?"

Sévère akatafsiri. Bwana akafikiri kidogo, akajibu.

"Anasema hawakuchemsha vya kutosha."

"Anajuaje?"

"Anasema, kwa sababu mutoto aligonjwa."

Inamahoro alitikisa kichwa polepole. Alikuwa amelisikia jibu la namna ile siku chache zilizopita, mbele ya mtungi wake, kwa Kiswahili. Alishangaa kidogo kwamba lilikuwa limesafiri hadi Ulaya.

*

Nyumbani, mwanawe Pontien alikula akiwatazama wanawake wawili kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Libérate alikuwa akipika chungu chake, Inamahoro chake. Pontien alikula vyungu vyote viwili, kwa upendo, na tumbo lilimuuma kwa sababu isiyokuwa ya kichawi.

"Pontien," alisema mama yake. "Pombe ikiniharibikia, nafanya nini?"

"Unapika ingine."

"Napika ingine namna gani? Nabadilisha mtungi, na maji, na mtama, vyote siku moja?"

"Hapana. Unabadilisha kitu kimoja."

"Juu ya nini?"

"Ukibadilisha vyote, hutajua nani alikuwa na kosa." Alikuwa amelisikia neno hilo tangu akinyonya.

"Basi. Mkono wangu ni ule uliokulisha weye. Maji ni ya kijito kilekile. Shamba ni lilelile. Mwaka huu kitu gani kimebadilika?"

Pontien aliacha kutafuna. "Mabwawa."

Inamahoro akamgeukia mkwewe. Tangu msiba hakuna aliyethubutu kumwita Libérate kwa jina la umama. Yeye alithubutu. "Mama Spès, ile mihogo ulilowesha mu mutungi, ndani ya nyumba. Siku ngapi?"

Libérate hakuinua uso kutoka kwenye moto. "Ine. Kama ulinifundisha."

"Ine kamili?"

"Nimesema ine."

Neno hilo moja lilibomoa nyumba nzima ambayo Inamahoro alikuwa amekwisha kuijenga kichwani. Kesho yake alikwenda kwa mama wa watoto wale wawili waliopona. Hawakumkaribisha kuketi, lakini walimjibu wakiwa wamesimama mlangoni. Siku nne, alisema wa kwanza. Siku nne, alisema wa pili, na kuongeza kwamba yeye si mvivu. Mutarule nzima ililowesha mihogo siku nne kamili, katika mitungi iliyofichwa chini ya vitanda, na bado watoto waliugua.

Inamahoro alirudi akitembea polepole. Mpika pombe wa miaka thelathini anajua kwamba mtu akiulizwa kama aliosha mtungi, husema aliuosha.

*

Ndipo akanunua kuku watatu.

Aling'oa mihogo ya shamba moja, akaigawa mafungu matatu. La kwanza alililowesha siku nne, la pili siku mbili, la tatu usiku mmoja. Akaanika yote juu ya jamvi moja, akatwanga kwa kinu kimoja, akaweka kila kuku chini ya tenga lake na kumpimia unga wake kwa kibakuli kimoja. Kisha akamwita Hatungimana na watu wake. Sévère alipomweleza Bwana, Bwana naye akaja, faini akiisahau, kwa kuwa kitu chochote kinachopangwa kwa safu kilimfurahisha. Aliwafunga kuku vipande vya karatasi miguuni, moja, mbili, tatu. Kuku wa pili akaila namba yake.

"Kabla hatujaanza," alisema Inamahoro, "kila mutu aseme kitakachotokea."

Bwana alisema hakuna kuku atakayekufa, kwa sababu maji yao yamechemshwa. Na akifa mmoja, basi chombo kilikuwa kichafu. Hatungimana alisema kuku watakufa kama mwenye kuwalisha anataka wafe, na watapona kama anataka wapone. Wote wawili walikaa chini wakiwa wametulia, kama watu ambao hawawezi kushindwa.

"Na weye, mama?" aliuliza Sévère.

"Kuku wa usiku mmoja ataanguka. Wa siku nne hataanguka. Ikiwa siyo hivyo, nimekosea, na nitakwenda Bwegera bila kusubiri Jumapili."

Watu walitazamana. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba mtu yeyote kutaja jambo ambalo lingemfanya aonekane mjinga.

Siku nne zikapita. Matenga yakafunuliwa mbele ya wote. Kuku wa siku nne alikuwa mzima. Kuku wa siku mbili alikuwa mzima. Kuku wa usiku mmoja alikuwa mzima pia, macho yaking'aa, na alikuwa ametaga yai.

Kijiji kilicheka kicheko ambacho hakikuwa kimecheka tangu mwanzo wa kiangazi. Bwana aliandika yai katika daftari. Mwanamke mmoja alisema kwa sauti kwamba na yeye atawapa kuku wake mihogo michungu, huenda wakataga.

Inamahoro alipiga magoti, akazoa unga uliobaki chini ya tenga la tatu, akaurudisha kwenye kibakuli. Kibakuli kikajaa karibu hadi ukingoni. "Hakula," alisema. "Mutazame. Alikula mchwa na majani. Ule unga aliuonja, akauacha."

"Mama," alisema Hatungimana, na safari hii alikuwa na huruma, jambo lililouma zaidi, "sasa na weye umekuwa kama siye. Ukikosa, uko na jibu."

Neno lilikuwa la haki. Alibaki amepiga magoti na kibakuli chake, watu wakitawanyika. Kuku alikuwa na akili ya kuacha kitu kichungu, aliwaza. Hakuna aliyekuwa amemshika kichwa na kumwambia, kula, mama, umalize.

Akainuka, akamfuata kapita njiani. "Nilisema nitakwenda kabla ya Jumapili, na ningepaswa kwenda leo. Naomba univumilie mpaka ile siku mulioniwekea. Nitaleta kitu kingine. Hakitakuwa kuku."

*

Jumapili ile ya tatu, baada ya misa, alifika uwanjani kwa Hatungimana na mzigo wake kichwani, umefungwa tayari kwa safari. Mkononi alibeba kikapu ambacho watu wa nyumba yake walikitambua. Kilikuwa cha Libérate, kimening'inia juu ya jiko tangu siku ya msiba, na ndani yake ulikuwa ule unga uliobaki. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuula wala wa kuutupa.

"Mikono siyo yangu," alisema. "Asonge muke ya Sévère. Chungu siyo changu, ni chake. Maji ni ya Bwana, ameyachemsha yeye mwenyewe. Unga ndiyo unga wa ile siku. Nitakula sahani nzima. Nikiendelea kusimama mpaka jua lipinduke, minye ni muongo na muzigo wangu ule pale."

Bwana alipotafsiriwa, macho yalimng'aa. Alitoa saa mfukoni. Alisema kwamba hii sasa ilikuwa njia nzuri sana.

Mke wa Sévère alisonga bugali, akauweka kwenye sahani ya bati. Inamahoro aliketi chini, akanawa, akamega. Tonge la kwanza lilikuwa chungu, akalimeza. La pili. La tatu. Pontien alisimama na kofia yake mikononi, akiikunja na kuikunjua.

Tonge la tano lilipokuwa mkononi, Libérate alitoka kati ya wanawake.

"Mama, acha."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mama tangu mazishi. Inamahoro hakumtazama. "Juu ya nini? Iko ya siku ine."

"Acha, nakuomba."

"Mihogo ya siku ine haiuwi muntu, Mama Spès." Akalitia tonge kinywani.

Libérate alianguka magotini, akashika ile sahani kwa mikono miwili, akaivuta, na bibi akaivuta kwake, wakabaki wakiishindania kama watoto. "Ni ya usiku moja," alisema Libérate. Sauti yake ilikuwa ndogo kabisa. "Usiku moja tu. Niliogopa faini. Sévère alikuwa anapita na baiskeli, harufu ilianza kutoka, nikaitoa mu maji. Nilifikiri jua itamaliza uchungu. Ni minye nilimuua. Nilijua, nikasema mukono wako."

Inamahoro aliachia sahani. Kwa siku nyingi alikuwa akilitafuta neno lile, na sasa lilipokuja, aliona limempiga nani. Angelipenda kulirudisha.

Bwana alitaka kujua kilichosemwa. Sévère alimweleza. Bwana akatazama saa, akatazama sahani, akauliza kitu kimoja tu.

"Anauliza kama hatamaliza," alisema Sévère. Akasita. "Anasema ni hasara. Kwa sayansi nusu sahani haitoshi."

Hatungimana alikuwa tayari amemgeukia Libérate, na katika uso wake kulikuwa na ule utulivu wa mtu aliyepata jibu jipya linalotosha kama la zamani. "Kumbe ni weye," alianza.

"Kapita," Inamahoro alimkatiza. Alikuwa amejishika ardhi kwa mikono miwili kwa sababu uwanja ulianza kuzunguka. "Umuulize kwanza nani alifukia mabwawa."

Wanaume waliangalia viatu vyao, walio na viatu. Bwana, aliyehisi kwamba kila mtu anajizuia kumtazama, alimuuliza msaidizi wake bibi amesema nini.

"Anakushukuru kwa maji," alisema Sévère kwa Kifaransa.

Bwana aliinamisha kichwa kupokea shukrani. Wakati huohuo Inamahoro akatapika, hatua moja kutoka kwenye buti zake.

*

Alilala siku mbili, miguu ikiwa kama si yake. Libérate alimnywesha uji wa mtama kwa kijiko, na hawakusema mengi. Mara moja tu, akimfuta mdomo, Libérate aliuliza, "Utaniambia lini kile unachofikiri juu yangu?" Inamahoro akajibu, "Mukono uliomulisha ni wangu. Alikuwa anakataa, nikamulazimisha. Ukitaka tugawe, tutagawa."

Siku ya tatu walikuja wale mama wawili. Safari hii ni wao waliosimama mlangoni. Wa kwanza alisema wa kwake ulikuwa usiku mmoja na nusu. Wa pili, yule asiyekuwa mvivu, alisema usiku mmoja, na akaomba isisemwe mbele ya mume wake.

Baraza liliketi tena. Liliamua kwamba Inamahoro abaki, kwa kuwa ilikuwa wazi kwamba bulozi wake ulimrudia mwenyewe siku ile uwanjani na nguvu zake zimekwisha. Hatungimana alilileta neno hilo mwenyewe, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi tumbo lake halikumuuma. Alikunywa mpaka chini ya mtungi. Kuhusu Libérate, baraza halikusema kitu, kwa sababu wake wa nusu ya wazee wa baraza walikuwa wamelowesha usiku mmoja.

Bwana naye aliandika ripoti yake Uvira, na Sévère ndiye aliyeipiga muhuri. Iliandikwa ndani kwamba ugonjwa wa Mutarule ulisababishwa na maji, kwamba maji yalichemshwa, na kwamba ugonjwa ulikwisha. Mwanamke mmoja mzee aliugua wakati wa uchunguzi kutokana na msisimko. Kuku watatu walitajwa katika jedwali, pamoja na yai. Wakubwa waliipokea vizuri, kwa kuwa ilikuwa na jedwali.

Ugonjwa ulikwisha, kweli. Mvua ilipokaribia, nyuma ya matete, mahali ambapo njia ya baiskeli haifiki, wanawake wawili walikuwa wamechimba bwawa. Mmoja alichimba, mwingine, ambaye miguu yake ilikuwa bado dhaifu, aliketi na kusema chimba pale. Kisha wakaja wanawake wengine na mihogo yao, kila mmoja kwa wakati wake, bila kuambizana.

Asubuhi moja matete yalitikisika, akatokea Sévère kwa miguu, kofia kwapani. Libérate alisimama mbele ya bwawa na jembe mkononi, akamtazama. Sévère alitazama maji, akatazama mapovu, akavuta harufu ambayo kazi yake ilimwamuru kuichukia. Alikuja kuchukua kikapu cha mkewe, alichokileta mkewe siku zilizopita, na alikuwa na haraka kwa sababu Bwana alikuwa anafika saa nne.

"Kilikuja lini?" aliuliza Libérate.

"Siku tatu zilizopita. Watoto bako na njaa. Tatu haitoshi?"

"Haitoshi."

"Mama, nitakuwa nimechelewa, na kesho siwezi kupita huku. Siku moja tu, itafanya nini?"

Inamahoro, aliyeketi ukingoni, alifungua mdomo, kisha akaufunga. Libérate alichomeka jembe ardhini kati ya kijana yule na maji, akaegemea mpini wake.

"Rudi kesho," alisema.